Sura ya Tisa: Inanga Iliyonyamaza

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla Fabrice Nahimana hajapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, Inspekta Petronila Mashimba aliisoma ile barua kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine haikumwingia akilini.

Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, ikapenyezwa chini ya mlango wa ofisi ya kijiji huko Bukiriro. Haikuwa na jina. Aliyeiandika alitumia herufi kubwa tupu, kama anaandika bango la duka:

JUVENALI HAKUPOTEA. FABRICE MWASHI ANAJUA ALIPO. ALIMFUNIKA KWA MIKONO YAKE, MAJANI HAYAKUTOSHA, MGUU MMOJA UKABAKI NJE. CHIMBENI NYUMA YA TANURI LAKE LA MATOFALI.

Walichimba. Mwili haukuwepo. Walipata buti moja la mvua, la mguu wa kushoto, lenye herufi J iliyochomwa kisiginoni kwa msumari wa moto. Juvenali alikuwa dalali wa ng'ombe wa Nyarubungo, Biharamulo, na alama hiyo aliitia kwenye kila kitu chake, kuanzia fimbo hadi kikombe. Mwezi wa sita aliaga kwake kwamba anakwenda Ngara kukusanya ng'ombe wa mnada wa Benaco. Ng'ombe walionekana wakizurura bila mtu. Yeye hakuonekana. Mke wake alilitambua buti, akalipakata kama mtoto mchanga. Kwa kuwa taarifa ya kupotea kwake ilifunguliwa Biharamulo, kwenye meza ya Petronila, ndiyo maana Petronila alikuwa Ngara wiki ya pili sasa, analala nyumba ya wageni kwenye kitanda kinachopiga kelele kuliko mgeni mwenyewe.

Kwa Rwekaza, mpelelezi mkuu aliyempokea, kesi ilikuwa imekwisha.

"Tuna barua, tuna buti, tuna machozi," alisema. "Unataka nini tena, Inspekta? Marehemu aje aapishwe?"

Hayo machozi ndiyo yaliyomkosesha Petronila usingizi. Siku ya mahojiano alikuwepo. Buti liliwekwa mezani na Fabrice akalitazama kama mtu yeyote anavyotazama buti chafu. Barua iliposomwa kwa sauti na kufika kwenye mguu uliobaki nje, yule mwashi mwenye mabega mapana kama mlango aliteleza kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti nyembamba ya mtoto. Rwekaza akaandika: *mtuhumiwa ameonyesha dalili za kukiri.* Tangu hapo Fabrice hakufungua mdomo. Siku tisa.

Mwenye hatia angeshtuliwa na buti. Huyu alishtuliwa na maneno, kama mtu anayesikia siri yake ikisomwa sokoni.

Petronila alimkuta mahabusu anakula. Mbele yake palikuwa na hotipoti la kijani, ndani ugali wa muhogo na maharage, bado yanatoa mvuke. Hakumwuliza habari ya mauaji. Alikaa kwenye benchi, akauliza kitu chepesi.

"Nani anakupikia?"

Fabrice alitafuna, akameza. Pengine alikuwa amechoka kunyamaza.

"Ndizeye."

"Ndugu yako?"

"Zaidi ya ndugu. Mama yangu alipofariki, mama yake alinichukua. Tumelala mkeka mmoja mpaka nilipooa."

"Na anatoka Bukiriro kila siku?"

"Kwa baiskeli, afande. Milima yote ile." Kidogo kabisa, midomo yake ililegea. "Zamani angenifichia na chupa ya rubisi. Pombe yake ya ndizi ilikuwa inasifiwa hadi Benaco. Tangu mwezi wa sita ameacha kutengeneza. Anasema tumbo linamkataa. Nimemwambia, wewe si tumbo, wewe ni uzee."

Petronila aliacha kicheko kipite. Kisha akasema, "Maneno ya ule mguu. Kabla ya barua, nani aliwahi kuyasikia kutoka kwako?"

Mkono wa Fabrice ulirudisha tonge kwenye hotipoti.

"Mama Esperansia, mshauri wangu. Peke yake. Aliniambia chumba kile kina watu wawili, na kitakachosemwa kitabaki kwa watu wawili. Nikamwamini. Miaka yote hii sijamwambia mke wangu, sijamwambia Ndizeye, nikamwambia yeye." Alisukuma chakula pembeni. "Nenda kamwulize amenivulia nguo sokoni kwa nini."

"Nikubalie nisome daftari lake."

"Wote si mmeshasoma? Lete hiyo karatasi." Akatia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa.

*

Kituo cha ushauri kilikuwa nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko, bati jekundu, maua ya waridi mlangoni. Esperansia, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amesimama kizingitini kama aliyekuwa anamsubiri Petronila na dereva wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza kama ni mimi niliyemuuza."

"Nimekuja kuona chumba kwanza."

Chumba kilikuwa na mkeka, blanketi, feni ya mezani, kispika kidogo kwenye rafu, na pazia la kitenge lililokata kona moja. Petronila alimwomba amweleze kazi yake kama anavyoweza kumweleza mtu wa mnadani.

"Mtu analala hapa, anafumba macho," alisema Esperansia. "Namwongoza apumue mpaka mwili utulie. Muziki unaanza. Namwuliza: uko wapi? Unaona nini? Kifua kinasemaje? Picha simpi mimi. Muziki unampeleka, mimi namfuata pembeni ili asiwe peke yake. Akirudi, anachora alichokiona ndani ya duara. Tunaongea. Hiyo ndiyo tiba."

"Kwa hiyo anachokiona ni kweli?"

"Ni kweli kwake. Hakifai kuwa ushahidi. Juzi mtu kaniambia amemeza ziwa zima. Utamkamata?"

Koplo Malongo, dereva wa Petronila, alikohoa ili asicheke.

Esperansia alisoma karatasi ya Fabrice mara mbili, akaigusa pale kalamu ilipotoboa, ndipo akafungua kabati. Ukurasa wa kushoto wa daftari ulikuwa na mwandiko mdogo, safi:

*Kikao cha tano. Waliokuwepo: mteja, mshauri. Vifaa: mkeka, blanketi, inanga.*

*Saa nne na dakika kumi, wimbo wa kwanza. Anapumua vizuri. Yuko njiani, vumbi jekundu.*

*Saa nne na nusu, umeme umekatika, feni imezima. Tunaendelea.*

*Saa nne na dakika thelathini na tano, wimbo wa pili. "Kuna mtu amelala chini. Namfunika. Majani hayatoshi. Mguu mmoja umebaki nje." Muziki umesimama, pumzi tano. Umeendelea. Mteja analia.*

Chini yake: *wiki ijayo, siku ileile, tutarudi mahali hapa. Mteja ameafiki kusema zaidi.*

Ukurasa wa kulia ulibandikwa mchoro. Ndani ya duara, kwa kalamu za rangi, palikuwa na pembetatu za bluu, kumi, ishirini, zimepangana mpaka ukingoni. Katikati mtu amelala chini ya rundo la kijani, mguu umetokeza. Anayemfunika alikuwa mdogo sana. Kichwa chake hakikufika hata kwenye goti la yule aliyelala.

"Huyu mdogo?"

"Ndiye Fabrice. Ana miaka saba." Esperansia aligusa pembetatu moja. "Haya ni mahema ya wakimbizi. Ni Benaco, mwaka tisini na nne. Kipindupindu kilimchukua baba yake. Mama alikwenda kutafuta watu wa kumbeba, akamwambia mtoto: mfunike baba, watu wasimwone hivyo. Mtoto alichuma majani mpaka vichaka vya karibu vikaisha. Mguu haukufunikika. Miaka thelathini na zaidi amejihukumu kwa ule mguu, na mimi nilikuwa ndio kwanza namfikisha mahali pa kujisamehe."

Petronila aliweka barua juu ya meza, kando ya mchoro. Alivilinganisha neno kwa neno, mpaka Malongo akaanza kuhesabu mbao za dari.

"Mama, nani mwingine anafungua kabati hili?"

"Recho wa mapokezi ana ufunguo wa akiba."

"Si Recho," alisema Petronila. "Na si wewe. Yeyote anayefungua ukurasa huu anaona pande zote mbili. Anaona mahema. Anaona mtoto. Mtu aliyeona mtoto wa miaka saba hawezi kuandika kwamba huyu amemuua dalali wa ng'ombe mwezi wa sita. Mwandishi wa barua ana maneno na hana picha. Huyu alisikia. Hakusoma."

"Ukuta ni wa tofali za kuchoma."

"Tupime. Malongo, nenda kakae mapokezi, funga mlango."

Petronila aliyasoma maneno ya Fabrice kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa. Malongo aliporudi aliulizwa amesikia nini.

"Kuku, afande. Na Recho anaongea na mchumba wake."

Nje ya chumba basi hapakuwa na masikio. Petronila alirudi kwenye daftari, akateremka na kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Kispika hiki kina betri?"

"Hakina. Kinakula umeme."

"Umeme ulikatika saa nne na nusu. Wimbo wa pili ulianza dakika tano baadaye." Kidole kilishuka tena. "Na hapa muziki ulisimama pumzi tano ukaendelea. Mama, kanda haishtuki."

Esperansia alifungua mdomo amjibu. Macho yake yalikwenda kwenye pazia la kitenge, yakabaki huko. Mkono ulipanda polepole mpaka kwenye midomo.

Petronila alivuta pazia. Nyuma yake palikuwa na kigoda kimoja.

"Fabrice mwenyewe alimwomba," Esperansia alisema, na sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Violini za kwenye kispika zilikuwa zinamkaza mabega. Akasema, mimi nitatulia nikisikia nyuzi za inanga ya Ndizeye. Nikaona ni jambo jema. Kikao hicho cha tano aliingia kabla, akakaa hapo, akapiga, akatoka. Inspekta, naapa sikukuficha. Nilimsahau. Nimemwandika kwenye vifaa."

*

Barabara ya Bukiriro ilikuwa kavu na gari lilitimua vumbi. Malongo alingoja mpaka kilima cha pili, ndipo akauliza.

"Afande, lakini kwa nini amfanyie hivyo? Huyo anambebea ugali kwa baiskeli."

"Muziki ulisimama kabla barua haijaandikwa," alisema Petronila. "Jiulize ulisimama kwa nini."

Ndizeye walimkuta barazani, anakaza nyuzi za inanga, ule ubao mrefu uliochimbwa kama karai. Mwembamba, kofia ya pama, tabasamu jepesi. Alisimama kwa heshima.

"Karibuni, afande. Ndugu yangu anaendeleaje?"

"Anakula."

"Mungu ashukuriwe. Kesho namletea sangara, mwambieni."

Petronila aliomba maji ya kunywa, na Ndizeye alipokwenda kuyaleta, yeye akazungusha macho taratibu. Mikungu mitatu ya ndizi ilining'inia jikoni juu ya moshi, imeanza kuiva. Nyumba zote walizopita njiani zilikuwa na shimo pembezoni mwa migomba, la kuvundikia ndizi. Hapa palipotakiwa shimo palikuwa na tuta pana, na juu yake mmea wa maboga, majani makubwa, ndio kwanza unatambaa.

"Kwa wenzake ndizi zinaivia ardhini," alinong'ona Malongo. "Kwa huyu zinaivia darini."

"Nimeona. Na pombe yake imekoma mwezi wa sita. Kaa karibu na jembe lile."

Maji yalikuja kwenye kikombe cha bati. Petronila alikunywa yote, akashukuru.

"Nimesikia sifa za mkono wako. Nipigie wimbo mmoja tu. Ule wa pili, uliompigia Fabrice kikao cha mwisho."

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yaliliacha.

"Ule ni wimbo wa ng'ombe wakirudi zizini, afande. Wa zamani tu."

"Nipigie huohuo."

Alipiga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kweli, na sauti ilitambaa barazani chini chini kama mtu anayeongea na mgonjwa. Petronila alifungua daftari mapajani, akaanza kusoma bila haraka, kama Fabrice alivyokuwa anasema akiwa amefumba macho.

"Kuna mtu amelala chini."

Nyuzi ziliendelea.

"Namfunika. Majani hayatoshi."

Kidole kimoja kilikosea uzi, kikajirekebisha.

"Mguu mmoja umebaki nje."

Inanga ilinyamaza. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Petronila alihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka tano.

"Siku ile pia ulisimama hapohapo."

"Uzi umelegea."

Petronila aliinama, akaugusa ule uzi kwa ukucha. Ulilia kwa ukali, umekaza barabara.

Kisha akaubandua mchoro, akautandaza juu ya inanga yenyewe.

"Daftari lina ukurasa wa pili, Ndizeye. Huu hukuuona, kwa sababu ulikuwa nyuma ya pazia. Tazama vizuri. Haya ya bluu ni mahema ya Benaco. Huyu ni mtoto wa miaka saba. Anayefunikwa ni baba yake, amekufa kwa kipindupindu. Hayo ndiyo aliyoyaona ndugu yako pale mkekani."

Ndizeye alitazama. Alitazama mpaka kofia ikamshukia usoni na hakuirudisha.

"Baba yake?"

"Baba yake."

"Kwa hiyo hakuwa..." Alikatiza.

"Hakuwa nani?"

Pembezoni mwa migomba Malongo alikuwa ameshika jembe, anangoja.

"Hakuwa Juvenali," alimalizia Petronila. "Fabrice hajui lolote. Hakuona lolote. Angerudi wiki iliyofuata kumlilia baba yake, basi."

"Alipita!" Sauti ya Ndizeye ilipasuka. "Alfajiri ile alipita hapo njiani na baiskeli anakwenda tanurini! Mimi niko hapo na majani, mguu hauingii, buti limenibakia mkononi. Hakusema kitu. Miezi mitatu hakusema kitu, anakula na mimi, anacheka na mimi. Siku hiyo analala pale, anaanza: mtu, majani, mguu. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema ameniona. Nikasema alikuwa ananitunzia, sasa imemshinda, wiki ijayo atamaliza kusema yote."

"Ukaona umtangulie."

"Ningefanya nini, afande?"

"Ungemwuliza. Mlilala mkeka mmoja."

Ndizeye aliukunja mgongo kama aliyepigwa. Mengine yalitoka yenyewe, kwa sauti ndogo: ng'ombe wa Juvenali waliingia shambani alfajiri wakamaliza maharage yote, Juvenali alicheka, akasema Mhangaza wa Ngara ajifunze kujenga uzio, mpini wa jembe ulikuwa mkononi. Mara moja tu, alisema. Alirudia: mara moja tu.

"Na chakula?" Petronila aliuliza. "Ulikuwa unampelekea kwa nini?"

"Atakula nini, afande?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mke wake hawezi kumpikia kama mimi."

Petronila alimpa Malongo ishara. Jembe liliingia kwenye tuta la maboga. Ndizeye hakugeuka kutazama. Alichukua mchoro, akaurudisha kwa mikono miwili.

*

Saa kumi na moja jioni Rwekaza alikwishapokea taarifa. Esperansia alikuwa kwenye benchi la nje na daftari lake. Kwenye mstari wa *waliokuwepo* alikuwa ameongeza jina la tatu kwa wino mwekundu, na mstari ulionekana kama kidonda. Hakuomba kuingia. Alisema atangoja aitwe, na kama haitwi atakwenda nyumbani.

Fabrice alifunguliwa, akarudishiwa mkanda na kamba za viatu. Petronila alimweleza kila kitu akiwa amesimama, bila kupamba.

"Hapana," alisema Fabrice. "Mmemkosea. Tulikuwa wawili mle ndani."

"Mlikuwa watatu."

"Ndizeye? Huyo si wa kuhesabu, afande. Huyo ni mimi."

"Ameonyesha mahali. Juvenali ametolewa chini ya maboga yake. Barua ameandika kwa mkono wake, na buti amelizika mwenyewe nyuma ya tanuri lako."

Mwashi aliketi. Alianza kuvalisha kiatu kamba, tundu la kwanza, tundu la pili, akaacha. Hotipoti la kijani lilikuwa bado pale benchini, safi; alikuwa ameliosha ili mwenyewe akija kesho alikute tayari.

"Mama Esperansia alijaribu mwezi mzima," alisema hatimaye. "Kila akisema fumba macho, nilikuwa nashindwa. Tangu Benaco siwezi kufumba macho mbele ya mtu. Mke wangu mwenyewe anasinzia kwanza." Alilisogeza hotipoti kwa kidole mpaka likafika mbele ya Petronila, mbali naye. "Siku ile niliweza. Niliweza kwa sababu ndiye aliyekuwa anapiga."